Simu Inapolia Barabarani: Wajibu Wetu kwa Madereva wa Bodaboda wa Kampala



Nina hoja moja. Tumezoea kumwona dereva wa bodaboda akiongea na simu pikipiki ikiwa mwendoni, tukamwita mzembe. Mimi nasema simu ile ni kitendea kazi chake, na mara nyingi anayeipiga ni sisi. Tukitaka aiache, sisi ndio wa kwanza kubadilika.

Tuanze na mwili wa dereva. Pikipiki nyingi za Kampala ni Bajaj Boxer za gia. Mkono wa kulia hushika mafuta na breki ya mbele, wa kushoto hushika klachi. Mguu wa kulia hukanyaga breki ya nyuma, wa kushoto hubadilisha gia. Hakuna kiungo kilichokaa bure. Akishika simu kwa mkono wa kushoto, ameiacha klachi. Akiishika kwa wa kulia, ameiacha breki ya mbele, ambayo ndiyo yenye nguvu kubwa ya kuisimamisha pikipiki. Na macho je? Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, pikipiki hukata kama mita 11 kila sekunde. Ukiitazama ramani kwa sekunde mbili, umekwenda mita 22 bila kuona njia. Kwenye makutano ya Wandegeya au Kibuye, mita 22 zinatosha teksi kukuchomokea mbele ili ishushe abiria.

Madereva wetu wamebuni njia yao: simu huchomekwa ndani ya helmeti, ikabanwa kati ya shavu na sikio. Mikono imebaki huru, na wengi huamini kwamba hatari imekwisha. Haijakwisha. Mwaka 1997 watafiti Redelmeier na Tibshirani walichapisha utafiti wa Toronto juu ya madereva 699 wa magari waliopata ajali. Waliona kwamba hatari ya ajali hupanda takriban mara nne simu inapotumika, na simu isiyoshikwa mkononi haikuonekana kuwa salama zaidi. Mwaka 2001, katika Chuo Kikuu cha Utah, Strayer na Johnston waliona kwamba wanaoongea na simu walikosa kuona taa za ishara mara mbili zaidi, wawe wameishika au la. Kusikiliza redio hakukuleta madhara hayo. Kinachoiteka akili ni kuzungumza na mtu anayesubiri jibu. Abiria wa nyuma huiona njia, na penye hatari hunyamaza. Anayepiga simu kutoka mtaa wa Ntinda halioni lori lililo mbele ya dereva, kwa hiyo huendelea kuuliza.

Tena helmeti iliyolegezwa ili simu ipite si helmeti tena. Tafiti zilizokusanywa duniani zinaonyesha kwamba helmeti hupunguza vifo vya waendesha pikipiki kwa takriban asilimia 42, lakini ni lazima ikae kichwani wakati wa kuanguka.

Basi kwa nini mtu mwenye akili timamu, mwenye mke na watoto, apokee simu? Kwa sababu riziki yake hupitia humo. Tangu MTN ilipoanzisha huduma ya kutuma pesa kwa simu nchini Uganda mwaka 2009, nauli nayo huingia kwa simu. SafeBoda, programu ya kuita bodaboda kwa simu, ilianza Kampala mwaka 2014, kisha zikaja Uber na Bolt, na oda zikawa za kugombaniwa kwa sekunde chache. Pikipiki nyingi ni za mkopo, na siku ya marejesho haingoji. Asiyepokea hupoteza abiria kwa mwenzake. Sheria ya Uganda inakataza kuendesha huku umeshika simu, na ni sheria njema, lakini humkamata anayepokea tu. Aliyepiga haguswi.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne. Kwanza, programu za usafiri zisitume oda mpya pikipiki ikiwa mwendoni. Simu inayojua dereva yuko barabara gani inajua pia kama amesimama. Pili, mteja aeleze vizuri mahali alipo mara moja, kisha asubiri. Akilazimika kupiga, swali la kwanza liwe, “Umesimama?” Jibu likiwa hapana, akate. Tatu, abiria aseme kwa heshima, “Ssebo (yaani bwana), tusimame kwanza uongee,” naye akubali kuchelewa. Nne, wenyeviti wa steji za bodaboda waweke kanuni kwamba anayechelewa kupokea kwa sababu yuko barabarani asidharauliwe wala kunyang'anywa mteja wake.

Haya hayahitaji barabara mpya wala mkopo wa nje. Yanahitaji tukubali kwamba haraka yetu ina bei, na kwamba mpaka leo tumemwachia dereva ailipe peke yake, kwa miguu iliyovunjika na kwa vitanda vya Hospitali ya Mulago. Kuanzia jioni hii, dakika tano za kuchelewa tuzibebe sisi.