Mshipi Upi Unafaa: wa Uzi Mmoja au wa Kusuka?

(Mazungumzo kwa wavuvi wa pwani na wa maziwa)

Wazee husema, "Mchagua jembe si mkulima." Huenda neno hilo likafaa shambani, lakini kwa mvuvi wa mshipi mambo ni mengine. Kati ya mkono wake na samaki hakuna kitu ila uzi. Uzi ukikatika, ndoana, chubwi, chambo na samaki vyote hupotea pamoja, na pato la siku nzima hupotea navyo. Kwa hiyo yampasa kila avuaye kwa mshipi, awe wa Vanga, wa Malindi, wa Lamu au wa Ziwa Victoria, kujua tabia ya uzi anaotaka kuununua kabla hajatoa fedha zake.

Zamani mishipi ilifanywa kwa pamba, kitani au katani. Ilikuwa ikioza upesi, tena ilitaka kuanikwa kila baada ya kazi. Nailoni iligunduliwa huko Marekani mwaka 1935, katika maabara ya kampuni ya Du Pont, na baada ya Vita vya 1939–1945 ikaenea duniani kote. Huo ndio mshipi wa uzi mmoja, unaong'aa kama kioo, ambao kila mvuvi anaufahamu. Mshipi wa kusuka wa siku hizi ulikuja baadaye sana. Nyuzi zake nyembamba mno zilianza kufanywa kwa wingi viwandani Marekani na Uholanzi katika miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990. Hufanywa kwa plastiki ya politheni, jamaa ya ile iliyofanyiwa mifuko, lakini yenye nguvu nyingi kupita kiasi.

Sifa kubwa ya nailoni ya uzi mmoja ni kunyumbuka. Huweza kurefuka karibu robo ya urefu wake kabla ya kukatika. Kolekole akikurupuka ghafla karibu na chombo, uzi hurefuka na kupunguza nguvu za mshtuko, na ndoana haichomoki kinywani. Tena ni laini, haushiki mwamba kwa urahisi, na ukikwaruzwa huvumilia kuliko uzi mwembamba wa kusuka. Bei yake ni nafuu, na ukiwa mnene mkono huushika vizuri.

Lakini kunyumbuka huko kuna hasara yake. Mvuvi aliyeshusha chubwi pima 40 huenda asisikie changu akidonoa chambo, kwa kuwa mguso wa samaki humezwa njiani. Akivuta ili ndoana imwingie samaki, nguvu zake nyingi huishia katika kuurefusha uzi. Zaidi ya hayo, nailoni hunywa maji na kupungukiwa nguvu kidogo, na jua huidhoofisha. Uzi uliosahauliwa juani mwezi baada ya mwezi haufai kuaminiwa, hata kama kwa macho waonekana mzima.

Mshipi wa kusuka haunyumbuki ila kidogo sana. Samaki akigusa chambo, habari hufika kidoleni mara moja, hata katika maji ya kina kirefu. Kwa nguvu zilezile, unene wake ni kama nusu tu ya unene wa nailoni. Kwa hiyo mkondo wa maji hauupeperushi sana, na chubwi jepesi latosha kuufikisha chini. Haunywi maji, na ukitunzwa hudumu miaka mingi.

Hata hivyo, uzi huo una hatari mbili. Hatari ya kwanza ni kwa mkono wa mvuvi. Uzi mwembamba usionyumbuka hukata nyama kama kisu, na samaki mkubwa akikimbia waweza kufika mfupani. Mtu asiuzungushe kamwe kidoleni wala kiganjani. Ndoana ikinasa mwambani, uzi uzungushwe kwenye kipande cha mti, kisha uvutwe kwa mti huo. Hatari ya pili ni matumbawe. Chewa akishikwa hukimbilia pangoni, na uzi wa kusuka uliokazwa ukisuguana na ukingo wa mwamba hukatika mara moja, hata kama karatasi ya dukani yasema una nguvu za kubeba kilo 30.

Fundo nalo lataka uangalifu. Uzi wa kusuka ni wa utelezi, na fundo lililozoeleka kwa nailoni huweza kufunguka lenyewe. Yafaa uzi ukunjwe mara mbili, upitishwe hivyo katika tundu la ndoana, ufungwe fundo la kawaida, kisha ndoana ipitishwe ndani ya kitanzi kilichobaki. Kabla ya kulikaza, fundo lilowanishwe, kwa sababu msuguano huleta joto, na politheni huyeyuka upesi kuliko nailoni.

Basi uamuzi utokane na mahali pa kuvulia. Avuaye kwa mkono katika ngarawa, juu ya mwamba na maji ya kina kidogo, atafaidika na nailoni nene ya uzi mmoja, na mkono wake utabaki mzima. Avuaye kwa ufito na gurudumu katika maji ya kina, au mahali pa mkondo mkali, atafaidika na uzi wa kusuka. Lakini hata huyo afunge mwishoni pima mbili au tatu za nailoni nene, zikae mahali panapoguswa na mwamba na meno. Kwa nguru, ambaye meno yake hukata aina zote mbili, kipande cha waya karibu na ndoana ni lazima.

Mnunuzi ajihadhari pia dukani. Si kila uzi wa kusuka ni wa politheni; mwingine husukwa kwa nailoni au poliesta. Kipande kidogo kikitiwa majini na kukamuliwa mpaka mapovu yaishe, cha politheni tupu huelea, na cha nailoni au poliesta huzama. Kwa kuwa uzi wa politheni huuzwa ghali mara kadhaa kuliko nailoni, jaribio hilo dogo laweza kuokoa fedha za watoto.

Mwisho, aina zote mbili zina tabia moja mbaya: haziozi kama pamba ya zamani. Uzi uliotupwa baharini huendelea kunasa kasa, ndege na samaki bila faida kwa mtu yeyote. Mabaki yakusanywe, yakatwekatwe vipande vifupi na kurudishwa pwani. Na kila alfajiri, kabla ya chombo kushushwa majini, mvuvi apitishe pima za mwisho za mshipi wake katikati ya vidole. Akisikia mkwaruzo, akate hapo na kufunga upya. Pima moja ya uzi ni hasara ndogo kuliko chewa mmoja aliyekwenda na ndoana.