Mtoto Mgongoni, Mzigo Kichwani

Leo tuzungumzie gharama ambayo wengi huisahau wanapopiga hesabu ya faida: ulezi wa mtoto.

Tuseme mama ananunua nyanya soko la Sofia, Uganda, akauze Busia ya Kenya. Lazima adamke, maana nyanya nzuri hugombewa mapema. Akimbeba mtoto mgongoni, atamudu mzigo mdogo tu. Akimwacha na dada yake wa miaka 10, binti huyo amekosa shule. Akimlipa mlezi, pesa inatoka kabla hajauza hata nyanya moja, na siku biashara ikilala, mlezi bado anadai chake. Mtoto akishikwa na homa, meza haifunguliwi. Wateja wanahamia kwa jirani, na wengine hawarudi. Akina baba, hesabu hii ni yenu pia.

Ni kweli kwamba kuvuka mpaka kumerahisishwa: kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa bidhaa zisizozidi dola 2,000. Hatua nzuri kabisa. Lakini mtoto akilia juani, mama hushawishika kukatiza njia za panya, na huko anaweza kunyang'anywa mzigo wote.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inatoa likizo ya uzazi ya miezi 3, na ya Uganda ya 2006 siku 60 za kazi. Hizo ni za mwajiriwa. Muuza nyanya ataomba likizo kwa nani?

Huko Korogocho, Nairobi, watafiti waliwasaidia akina mama kulipia ulezi. Matokeo yalichapishwa 2019: kiwango cha waliokuwa na kazi miongoni mwa waliosaidiwa kilizidi cha wenzao kwa pointi 8.5 za asilimia. Waliokuwa wakilea watoto peke yao waliweza kupunguza saa za kazi bila kipato kushuka.

Kwa hiyo, vyama vya akina mama wafanyabiashara, mkikutana na kaunti au manispaa msiombe vibanda na taa peke yake. Ombeni chumba cha watoto sokoni penyewe, chenye maji, choo na walezi waliofunzwa, kifunguliwe alfajiri nyanya zinaposhushwa, na ada ilipwe kwa siku, kwa shilingi ya Kenya au ya Uganda.