MWALIMU WA MTO TANA ATAFUNDISHWA WAPI?

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama, Garsen)



Nimetakiwa niseme habari za vyuo vya ualimu na watu wa Mto Tana. Najua wako watakaouliza: chama cha wafanyakazi kina haja gani na chuo cha ualimu? Jibu langu ni fupi. Mtoto wa dereva, wa mlinzi, wa mpishi, wa kibarua wa shamba la mpunga, hana shule nyingine ila ile ya kijijini. Akikosa mwalimu pale, baba yake hana fedha za kumpeleka Malindi wala Mombasa. Tena chuo chenyewe ni mahali pa kazi. Wakufunzi wana chama chao, na wapishi, makarani, madobi na walinzi wana chama chao pia, nacho ni KUDHEIHA. Kwa hiyo jambo hili ni letu sisi sote.

TULIKOTOKA

Neno chuo si geni kwetu. Tangu zamani watoto wa Kipini na wa miji mingine ya Pwani walikwenda chuoni kusoma Kurani, na mwalimu wao alifundishwa na mwalimu aliyemtangulia. Hiyo ndiyo njia ya kwanza ya kufundisha walimu katika nchi hii: mwanafunzi alikaa miguuni pa mwalimu wake mpaka akaweza naye kufundisha.

Ndipo zikaja misheni. Wamethodisti walianza Ribe mwaka 1862, kisha wakafika Golbanti, hapa katika delta ya Tana. Mwaka 1886 mmishenari John Houghton na mkewe waliuawa pale Golbanti katika shambulio la Wamasai. Mwaka 1887 Wajerumani wa misheni ya Neukirchen wakaanza kazi yao Ngao. Mmoja wao, Ferdinand Würtz, alijifunza Kipokomo na kukiandika. Katika shule zile za kwanza, aliyejua kusoma alimfundisha asiyejua, na mwalimu wa kijiji alikuwa mhubiri pia. Mwajiri wake alikuwa misheni, ndiyo iliyomlipa na ndiyo iliyoweza kumwondoa.

Mwaka 1925 serikali ya kikoloni ilifungua Jeanes School huko Kabete, ili kufundisha walimu wa kuzunguka vijijini na kuzisaidia shule ndogo ndogo. Misheni nazo zikajenga vyuo vyao. Lakini tazameni vilijengwa wapi: Thogoto, Kigari, Kaimosi, Eregi, Asumbi. Karibu vyote vilisimama bara, mahali ambapo misheni zilikuwa na nguvu na shule za msingi zilikuwa nyingi. Basi penye shule nyingi pakapata chuo, na penye chuo pakapata shule nyingi zaidi. Sisi wa mtoni tulikuwa nje ya mzunguko huo.

Baada ya Uhuru, Tume ya Elimu ya Profesa Simeon Ominde ilitoa ripoti yake mwaka 1964. Ilipendekeza vyuo vidogo viunganishwe, ili vibaki vichache vyenye vifaa vya kutosha na wakufunzi bora. Shauri hilo lilikuwa na akili ndani yake, maana chuo chenye wanafunzi wachache hakiwezi kuwa na maktaba nzuri wala maabara. Lakini kwa mtu wa Tana maana yake ilikuwa safari. Kwa miaka mingi mwana wa Pwani aliyetaka ualimu wa shule za msingi alitazama Shanzu, kule Mombasa. Kutoka Garsen mpaka Shanzu ni zaidi ya kilomita 200, na mto ukifurika, Garsen yenyewe inaweza kukatika na dunia.

HABARI YA GARISSA

Juu ya mto, Garissa ilikuwa na chuo chake cha ualimu, nacho kilisaidia sana watu wa nchi kame. Mwaka 2011 majengo yake yalifanywa Chuo Kikuu Kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Moi. Tarehe 2 Aprili 2015, kabla ya mapambazuko, magaidi waliingia humo wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Wengi wa wanafunzi waliouawa walitoka mbali, watoto wa wakulima na wafanyakazi kama sisi. Masomo yalianza tena Januari 2016, na mwaka 2017 kikawa Chuo Kikuu kamili.

Nalitaja jambo hili kwa sababu linatufundisha mawili. Kwanza, chuo ni mali inayoweza kupandishwa cheo na huku watu wakapoteza kile walichokuwa nacho, kama hawakusema mapema. Pili, ukuta, taa na mlinzi aliyefundishwa si mapambo ya chuo. Ni vifaa vyake vya kwanza.

KWA NINI TWATAKA WALIMU WA KWETU

Mwezi wa Januari 2020 walimu watatu waliuawa usiku huko Kamuthe, katika Kaunti ya Garissa. Baada ya hapo Tume ya Huduma za Walimu, TSC, iliwahamisha walimu wengi waliotoka kaunti nyingine, na madarasa yakabaki na watoto bila mwalimu. Ndugu zangu, tusimlaumu mwalimu aliyeondoka. Uhai ni mmoja, na hakuna chama cha haki kitakachomwambia mfanyakazi akae mahali pa kufa.

Sisi hapa pia tuna kumbukumbu zetu. Mwaka 2012, kuanzia Agosti, mapigano katika delta yaliua zaidi ya watu 100, Wapokomo na Waorma, na watoto wengi wakatawanyika na kuacha shule. Mwalimu aliyezaliwa hapa, anayejua Kipokomo na Kiorma pamoja na Kiswahili, anaweza kukaa na wazee wa pande zote mbili. Kazi hiyo haimo katika barua yake ya ajira, lakini twaihitaji.

Sisemi kwamba mwalimu wa kutoka mbali hafai. Wengi wametumikia hapa kwa moyo, na watoto wetu wamefaulu mikononi mwao. Wala sisemi kwamba mwana wa Tana afungwe Tana. Wimbo wetu wa Taifa wa mwaka 1963 umetoka katika wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo, naye Mzee Meza Galana wa mto huu alikuwa na sehemu kubwa katika kazi hiyo. Kenya nzima inaimba sauti ya Tana. Basi Tana nayo ipate watu wa kuifundisha.

MLANGO WA KUINGILIA

Hapa pana ubishi, na ni vizuri tuuseme wazi. Sifa ya kuingia chuo cha ualimu wa msingi ilikuwa alama ya C katika mtihani wa kidato cha nne. Mwaka 2018 Wizara ya Elimu ilitaka vijana wa kaunti kame, Tana River ikiwamo, waingie kwa D+. TSC ilipinga jambo hilo, na likafika mahakamani.

Wako waliosema, "Tupeni D+, tupate walimu." Wengine wakasema, "Mtoto maskini asipewe mwalimu dhaifu." Mimi nasema pande zote mbili zina uchungu wa kweli, ila dawa haimo katika kushusha kizingiti peke yake. Mtoto wa hapa anapata D+ kwa sababu alisoma miaka mingi bila mwalimu. Tukimpeleka kufundisha na D+ yake bila kumwongezea kitu, tunamrudishia mwanawe njaa ile ile. Kama mlango utafunguliwa kwa wa mtoni, basi pawe na mwaka wa matayarisho ndani ya chuo, na mtihani wa mwisho uwe ule ule wa wote.

Tukumbuke tena kwamba tangu mwaka 2021 vyuo vinafundisha stashahada ya miaka 3 mahali pa cheti cha P1 cha miaka 2. Mwaka mmoja zaidi ni karo ya mwaka mmoja zaidi. Kwa mfugaji aliyepoteza ng'ombe kwa ukame, hilo ni jambo kubwa.

VIFAA VYA CHUO CHA KWELI

Watu wakisema chuo, wengi huwaza jengo na bendera. Chuo cha ualimu kinataka haya:

1. Ardhi ya juu. Mafuriko ya 1997 na 1998, ya 2018, ya 2023 na ya 2024 yametuonyesha maji yanafika wapi. Asiwepo mtu wa kujenga bweni mahali wazee wanapopajua kuwa ni pa mto.

2. Maji safi. Maji ya Tana yana tope jingi, nayo yanataka kuchujwa na kutiwa dawa.

3. Shule ya mazoezi karibu, yenye watoto wa kweli na madarasa ya kweli. Mwalimu hajifunzi kufundisha kwa kuandika maneno ya mkufunzi. Hujifunza kwa kusimama mbele ya watoto huku mkufunzi ameketi nyuma akimtazama.

4. Maktaba, umeme na kompyuta, maana mtaala wa sasa unavitaka.

5. Mabweni ya wasichana yenye usalama. Bila hayo wazazi wengi hawatawatoa binti zao.

6. Nyumba za wafanyakazi, na jiko ambalo mpishi hafanyi kazi ndani ya moshi siku nzima.

AJIRA

Mpaka mwaka 1998 mwalimu aliyemaliza chuo aliajiriwa na serikali bila kungoja. Mwaka huo ajira ya namna hiyo ilisimamishwa. Kisha mwaka 2003 elimu ya msingi ikawa bure, watoto wakamiminika shuleni, na huku walimu waliohitimu wamekaa nyumbani. Wazazi wakaanza kuchanga ili kuwalipa walimu kupitia bodi za shule. Fikirini: wazazi wa Tana watachanga nini?

Baadaye wakaja walimu wanagenzi, ambao watu huwaita walimu vibarua. Wana cheti, wana leseni, wanafanya kazi nzima, lakini wanalipwa posho. Mwezi wa Aprili 2024 Mahakama ya Ajira ilitamka kwamba kuwatumia hivyo walimu wa sekondari ya chini hakukuwa halali, na mapema mwaka 2025 maelfu yao wakapewa kazi ya kudumu. Hayo hayakuja kama mvua. Walimu waligoma, na kesi ikafika mahakamani.

Ni kama wale wa zamani. KNUT iliundwa mwaka 1957, wakati walimu walikuwa na waajiri wengi na mishahara ya kila namna. Walidai mwajiri mmoja, wakagoma, na mwaka 1967 TSC ikapatikana. Miaka kumi, ndugu zangu. Hawakuchoka.

TUNAYOYATAKA

Basi naomba mkutano huu ukubali mambo manne. Kwanza, wanachama wetu waulize madiwani na wabunge, kwa barua, kila mwaka vijana wangapi wa Tana River wameingia chuo cha ualimu na wangapi wamemaliza. Pili, fedha za basari za kaunti zitenge fungu la wanafunzi wa ualimu. Tatu, mwana wa hapa aliyehitimu apewe nafasi ya kuajiriwa nyumbani kama ataka, pamoja na posho ya mazingira magumu kama sheria inavyosema. Nne, popote chuo kinapojengwa au kupanuliwa, wafanyakazi wake waajiriwe kwa mkataba na waruhusiwe kuingia chama.

Wazee wa Pwani husema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Vijana wetu waende Shanzu, waende bara, waende popote penye elimu. Kazi yetu sisi tuliobaki ni kuhakikisha kwamba wakirudi watakuta shule iliyofunguliwa, mshahara ulio halali, na usiku wa kulala bila hofu.

Umoja ni nguvu.