Jiwe Lililokutwa na Mwenzake

Bila shaka mnakumbuka Septemba 2022, Wamarekani walipokibamiza kwa makusudi chombo chao cha DART kwenye jiwe la angani. Magazeti yalijaa picha za chombo. Mimi leo nataka kuzungumzia watu waliokaa kimya miaka mingi wakihesabu mwanga, maana bila wao pigo lile tusingejua limefanya nini.

Jiwe lililopigwa linaitwa Dimorphos. Lina upana wa mita zipatazo 160, nalo linalizunguka jiwe kubwa zaidi, Didymos, lenye mita kama 780. Hilo kubwa liligunduliwa mwaka 1996 huko Arizona, na kwa miaka saba likahesabiwa kuwa jiwe moja. Nani angejua vingine? Asteroidi ya ukubwa huo, hata ukiitazama kwa darubini nzuri, ni nukta tu ya mwanga.

Novemba 2003 nukta hiyo ilipita jirani na dunia. Petr Pravec na wenzake, wa kituo cha Ondřejov karibu na Prague, wakaanza kupima mng'ao wake usiku baada ya usiku. Darubini yao ina kioo cha sentimita 65, upana wa sinia la pilau la harusini.

Basi sikilizeni walivyofanya. Jiwe la angani si duara kamili kama chungwa. Likijizungusha hutuonyesha mara ubavu mpana, mara mwembamba, na mwanga wake hupanda na kushuka. Didymos hujizungusha mara moja kila baada ya saa mbili na robo hivi. Lakini juu ya mawimbi hayo walikuta jambo la pili: mwanga ulikuwa ukipungua, unakaa chini kidogo, kisha unarudi, na kupungua huko kulifuata ratiba nyingine kabisa, ya karibu saa 12. Kumbe lilikuwa ni tendo la kupatwa, kama jua linavyopatwa na mwezi. Jiwe dogo hupita mbele ya kubwa, halafu hujificha nyuma yake.

Na upungufu wenyewe ni kiasi gani? Jiwe lenye upana wa moja ya tano ya mwenzake huziba sehemu moja tu kati ya 25 za mwanga, yaani asilimia 4. Sisi tuliozoea umeme wa kupanda na kushuka, taa ikififia kiasi hicho hatugeuki hata kuitazama! Siku chache baadaye rada ya Arecibo, Puerto Rico, ikathibitisha kwamba mawe ni mawili.

Njia hii ina kasoro yake. Tusipokuwa usawa na mzunguko wa jiwe dogo, hakuna kupatwa, na pacha anatupita bila kuonekana. Hata hivyo wataalamu wanakadiria kwamba kati ya asteroidi kubwa kiasi zinazopita karibu na dunia, kama asilimia 15 zina mwenzake.

Turudi kwenye pigo. Jiwe linalozunguka jua ukilisukuma, badiliko ni dogo mno, na kulipima huchukua miaka. Jiwe linalozunguka jiwe jingine lina saa yake. Dimorphos ilikuwa ikimaliza mzunguko kwa saa 11 na dakika 55. Baada ya pigo darubini za duniani zilipima kupatwa kulekule, zikakuta saa 11 na dakika 23 hivi. Wakuu wa mradi walikuwa wamesema sekunde 73 tu zingewatosha.

Wala haikuwa kazi ya mataifa yenye maroketi peke yake. Pigo lilipotua, Afrika Mashariki ilikuwa yapata saa nane na robo usiku, Septemba 27. Darubini ndogo iliyokuwa Nairobi, pamoja na nyingine tatu za kisiwa cha Réunion, ziliinasa ile nukta ikiongezeka mwanga ghafla, na vipimo vyao vikaingia katika taarifa ya kisayansi iliyotolewa mwaka 2023.