Umeme wa Pemba Uanzie Kwenye Nyumba

Tangu mwaka 2010 kisiwa cha Pemba kimekuwa kikipata umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, wenye urefu unaozidi kilomita 70 na uwezo wa takribani megawati 20, uliojengwa kwa msaada wa Norway na kuchukua nafasi ya majenereta ya dizeli ya Wesha. Waya huo uliinufaisha Chake Chake, Wete na Mkoani, lakini pia ulikifanya kisiwa kizima kitegemee njia moja. Na hatari ya njia moja Wazanzibari wanaijua, kwani kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikosa umeme wa Bara kwa takribani miezi mitatu.

Kuupunguza utegemezi huo kunahitaji wataalamu, na hapo ndipo thamani ya shahada ya uzamili katika mifumo erevu ya nishati na majengo endelevu inapostahili kupimwa. Mfumo erevu ni ule ambao mita, betri, paneli za jua na vituo vya kugawa umeme hupashana taarifa, ili matumizi yaelekezwe kwenye saa ambazo umeme upo kwa wingi. Jengo endelevu ni lile linalompa mkaazi raha kwa nishati ndogo. Nchini Tanzania mambo haya mawili kwa kawaida husomwa mbalimbali: Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha hufundisha uzamili wa nishati endelevu, Chuo Kikuu Ardhi kinajulikana kwa usanifu na ujenzi, na tawi la Taasisi ya Teknolojia ya India, Madras, lililofunguliwa Unguja mwaka 2023, lilianza na sayansi ya data na akili unde. Pemba inamhitaji mtaalamu anayeziunganisha elimu hizo.

Sababu yake inaonekana katika nyumba ya kawaida. Kisiwa kipo takribani nyuzi 5 kusini mwa ikweta, hivyo ukuta unaotazama kaskazini au kusini hukingwa vyema na upenu mpana, ilhali ule wa mashariki au magharibi hupigwa na jua la chini la asubuhi au la alasiri, ambalo upenu hauliwezi. Pepo nazo, kaskazi na kusi, huvuma zaidi kwa pande hizo mbili za kwanza. Kwa hiyo nyumba iliyonyooshwa kutoka mashariki hadi magharibi, yenye madirisha yanayotazamana, hulikwepa jua na kuupokea upepo kwa mpango mmoja. Kwa upande wa paa, makuti yalizuia joto, lakini huoza na kushika moto upesi, na hakuna sababu ya kumlaumu aliyehamia kwenye bati. Tatizo ni bati lisilo na dari, juu ya kuta za matofali ya saruji zinazofyonza joto la mchana na kulitoa usiku.

Joto hilo humfanya mkaazi awashe feni, au kiyoyozi akiwa na uwezo, jioni ile ile ambayo taa na televisheni za kisiwa kizima zinawaka. Saa hiyo huitwa kilele cha matumizi, nacho hufika wakati paneli za jua zimekwisha kulala, na waya wa baharini lazima uweze kukibeba hata kama mchana hauna mzigo mkubwa. Dari na upenu, basi, hupunguza kilele kabla ya betri kununuliwa. Na pampu za maji na mitambo ya barafu ya wavuvi, zikipangiwa kufanya kazi adhuhuri, huiweka nguvu ya jua katika matangi na mabonge ya barafu.

Kwa hiyo wanaotoa ufadhili wa masomo wangefanya vyema kushurutisha kwamba tasnifu ya mwanafunzi wa Pemba, hata akisoma Ulaya ambako kazi kubwa ya jengo ni kuhifadhi joto, ipime nyumba za Pemba katika kaskazi na kusi, na matokeo yake yafikishwe kwa mafundi waashi na kwa mamlaka zinazotoa vibali vya ujenzi. Nyumba iliyokwisha kujengwa vibaya itadai umeme kwa miongo kadhaa, na kuigeuza upande haiwezekani.