Kiondo Kibichi Hakivuki Bahari



Vyondo vyetu vya katani huenda ng'ambo kwa meli, wiki kadhaa ndani ya kontena lenye joto. Kiondo kikifungwa na unyevu, kinafika kimeota ukungu. Mnakumbuka mnunuzi alivyoukataa mzigo, tukalipa deni kwa akiba yetu wenyewe. Haraka ndiyo iliyotuponza.

Basi tusikilizane. Katani ikishatiwa rangi, ianikwe ikauke kabisa. Vipimo vifuate sampuli, maana ndiyo aliyoagizia mnunuzi. Na asiyemaliza aseme mapema, asifiche kibovu katikati ya vizuri. Kiondo kimoja kibaya, na karo ya watoto wetu wote imekwama.