Gari Yetu Ilikuwa Inalia
Maneno ya komite mbele ya mkutano wa wanamemba



Mulituuliza kwa nini gari ya chama ilisimama siku tatu, na pesa ya plakete na diski ilitoka wapi. Tutaeleza yote, hata ile inayotuletea haya.

Gari munaijua, ile RAV4 ya 2007. Haiko gari ya komite. Ni ya kubeba wagonjwa, mama wenye mimba, na mara moja moja maiti. Njia yake kubwa ni kupanda Fizi na kurudi Baraka. Kupanda, injini ndiyo inateseka. Kushuka, ni freni.

Mwezi mzima gari ilikuwa inalia nyuma. Kwanza ilikuwa sauti nyembamba kama filimbi. Plakete nyingi ziko na kipande kidogo cha bati ambacho kazi yake ni hiyo tu: plakete ikikaribia kwisha, kinagusa diski na kupiga kelele. Kisha sauti ikawa nzito, chuma inasugua chuma. Shofere alisikia, akafikiri komite imesikia. Sisi tulipanda ndani tukasikia, tukafikiri shofere ameisha kuiandika. Mama mmoja wa sokoni akatuambia: “Ile gari yenu iko inalia kama mbuzi, hamusikie?” Tukacheka, tukapita.

Halafu usiku mmoja shofere alikuwa anamleta mama mwenye uchungu wa kuzaa kutoka Fizi. Katikati ya mteremko akakanyaga freni, gari ikachelewa kusimama, na harufu ya kuungua ikaingia ndani. Akatia gia ya kwanza, akashuka pole pole mpaka chini. Mungu asifiwe, walifika, na mtoto alizaliwa muzima. Kesho yake asubuhi shofere akaweka ufunguo juu ya meza yetu: “Mimi sitashusha tena mutu na hii gari.”

Sasa tuseme la haya. Pesa ya matengenezo ilikuwako, dola 80. Mwezi ule tuliitoa kwa matanga. Hakuna aliyekataa, hata sisi. Tulisema msiba haungoji, freni itangoja. Tena kosa lingine: wakati uliopita fundi mmoja wa mjini alituwekea plakete mpya juu ya diski zilizokwisha. Tulilipa bila kuangalia. Diski yenye mifereji inakula plakete mpya haraka, njo maana hazikudumu.

Tuliomba mkopo kwa wanamemba wanne, na mmoja wetu aliyekuwa anaenda Uvira akaleta plakete na diski za nyuma. Kazi tuliifanya wenyewe, katika kiwanja cha chama, tukiongozwa na ndugu yetu aliyejifunza ufundi kule kambini Lugufu. Yeye anasema jeki, spana na breki. Wale waliobaki huku wanasema kriki, kle na freni. Tulicheka sana, lakini chuma ni ile ile.

Tunaandika namna tulivyofanya, kusudi fundi mwingine asituuzie tena giza.

Tulisimamisha gari mahali pa sawa, tukaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, tukaachilia freni ya mukono. Tulilegeza kwanza nati za gurudumu gari ikiwa chini, kisha tukainua. Kriki peke yake haitoshi. Tuliweka gogo nene chini ya chasi, pande zote mbili, kwa sababu kriki ikiteleza inaua mtu. Tulifungua upande mmoja tu. Ule mwingine tuliuacha mzima, ili tukisahau namna vitu vinavyokaa, tuende kuangalia kule.

Etriye, ile chuma inayokamata diski na kubana plakete, imefungwa kwa bolti mbili. Ukishaitoa, usiiache ining’inie kwa mpira wake wa mafuta, mpira utapasuka ndani bila wewe kuona. Tuliifunga juu kwa waya. Plakete ya ndani ilikuwa imebaki chuma tupu. Ya nje ilikuwa na unene kama wa karatasi. Fundi wetu anasema ikifika milimita 3, nunua, usingoje.

Kisha tulitoa kile kishikio kikubwa cha etriye, tukafika kwenye diski. Ilikataa kutoka. Vijana wakataka kuipiga nyundo. Ndugu yetu akawazuia: ndani ya diski ya nyuma ya gari hii mumefichwa freni ya mukono, viatu viwili vidogo. Diski ikiwa na ukingo wa kutu ndani, viatu vile vinaishika. Kuna tundu dogo. Unaingiza bisibisi na kuzungusha kigurudumu cha kulegeza. Tena diski yenyewe iko na matundu mawili yenye uzi. Ukifunga humo bolti mbili za 8, kidogo huku, kidogo kule, inasukumwa yenyewe. Ikatoka. Unene wa mwisho unaoruhusiwa umepigwa muhuri juu ya diski yenyewe. Tulipima, yetu ilikuwa imeishapita chini.

Vumbi ya freni hatukuipuliza kwa mdomo, tuliifuta na kitambaa cha maji, kwa maana inaharibu mapafu. Diski mpya inakuja na mafuta ya kuzuia kutu. Tuliiosha kwa maji na sabuni, tukaikausha sana. Grisi, ile isiyoyeyuka kwa moto, tuliipaka kwenye pini ambazo etriye inateleza juu yake tu. Uso wa plakete ukiguswa na grisi, umetupa pesa.

Plakete mpya ni nene, kwa hiyo pistoni ya etriye lazima irudi ndani. Tuliisukuma pole pole kwa kibano cha seremala, mmoja wetu akichunga chupa ya mafuta ya freni kule mbele, maana yanapanda na yanaweza kumwagika na kula rangi ya gari. Tukafunga bolti zote, tukafanya upande wa pili vile vile, tukaifunga upya freni ya mukono mpaka ikamate vizuri. Nati za gurudumu tulizifunga kwa msalaba, si kwa duara, na tulizirudilia kesho yake.

Hapa tulikosea tena. Shofere alikuwa na haraka, akawasha gari, akatia gia, akakanyaga freni: pedali ikashuka mpaka chini, kama hakuna kitu. Gari ikaenda mpaka ikagonga jiwe tulilosahau kuondoa. Jiwe lile lilituokoa, na ukuta wa jirani pia. Ukisharudisha pistoni, lazima ukanyage pedali mara nyingi gari ikiwa imesimama, mpaka iwe ngumu, kisha uangalie tena mafuta. Muandike hii mahali mutakapoiona.

Baadaye shofere alizizoesha barabarani kwenye tambarare, akipunguza mwendo mara kama kumi bila kufunga kabisa, akiacha zipoe kidogo kila mara. Kilio kimekwisha. Ufunguo ameuchukua tena.

Ndugu, sisi tuliorudi na meli kutoka Kigoma tukiwa na vyombo na makaratasi tu, tunajua kuomba kitu. Kukitunza kitu cha wote bado tunajifunza. Kile cha wote, kila mtu anafikiri mwenzake amekisikia.

Kwa hiyo tunaleta mambo mawili mbele yenu, mukubali ao mukatae. La kwanza, daftari ndani ya gari: kila anayepanda akisikia sauti, anaandika, na komite inajibu kwa maandishi kabla ya safari inayofuata. La pili, franka 2,000 za kila safari ziwekwe pembeni kwa freni na matairi, zisiguswe, hata kwa matanga. Tunajua neno hili ni gumu. Siku ya msiba munaweza kutulaani. Lakini kama mama yule angekufa kwenye mteremko, tungekuwa na matanga mawili na pesa ya hata moja hatuna.

Na ninyi wafadhili, tunajua picha ya plakete iliyokwisha haipendezi kama picha ya mtoto mchanga. Tunawatumia zote mbili. Ile plakete tumeiacha mezani, kila mtu aishike kabla ya kupiga kura.